Vitabu Nilivyovirudisha Mapema Mno

Kevo, Achieng na Shiko,

Madam Nekesa alitaka niwafundishe kazi hii ya maktaba kwa mdomo. Jumamosi iliyopita mlisimama mbele yangu na beji zenu mpya, mkaningojea nianze, nami nikawaonyesha mahali pa kuweka mifuko, nikawaonyesha choo, nikanyamaza. Kevo akauliza, "Sasa, ni hayo tu?" Nikasema ndiyo.

Si hayo tu. Ni miaka minne. Lakini mimi nikiongea na watu watatu kwa mpigo mmoja, jasho hunitoka hadi kwenye viganja, ndiyo maana naandika. Someni mkipata nafasi, na mkicheka, chekeni nikiwa sipo.

Jambo la kwanza, nastaafu. Mamangu akisikia hilo neno anacheka mpaka anashika meza. Yeye bado anasimama kiwandani siku sita kwa wiki, na mimi wa miaka kumi na minane ndiye ninayestaafu! Lakini mtihani wa Kidato cha Nne umefika, na nikishaufanya nitaenda kukaa kwa tata yangu, dada yake baba, kule Ruiru. Nilianza hapa nikiwa Kidato cha Kwanza, kila Jumamosi, kila likizo, na siku za shule baada ya saa kumi. Mshahara hakuna. Kuna beji, kuna chai, na kuna ufunguo wa kabati la gundi, ambao Achieng ameshaniomba mara mbili. Utaupata, Achieng. Tulia.

Maktaba yenyewe mnaijua kwa nje, ile nyumba ya mabati ya bluu hapa mtaani Landless, kati ya kinyozi na kanisa. Ndani kuna meza sita. Meza ya tatu ina mguu mfupi na kuna karatasi iliyokunjwa chini yake. Msiitoe mkidhani ni takataka. Kaunti ndiyo inayolipa stima, inamlipa Madam, na ikiwa na pesa inaleta vitabu. Ikisema basi, ni basi. Hilo mlikumbuke, nitalirudia.

Sasa vitabu vilivyolowa. Kila mvua kubwa ikija, bati la upande wa sayansi huvuja. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu na Madam ameenda benki. Nikaona vitabu kumi na kitu vimelowa, nikafanya kile ambacho kila mtoto aliyelelewa Landless angefanya: nikavianika juani, juu ya ua wa nyuma, kama nguo. Hata vibanio niliweka. Madam aliporudi vilikuwa vimekauka na kuvimba, kurasa zimejikunja mawimbi mawimbi.

Akashika kimoja, akakigeuza. "Muthoni, hivi ni vitabu ama mandazi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini hakunigombeza. Alinionyesha: unaweka gazeti kuukuu katikati ya kurasa, unakisimamisha kitabu kivulini penye upepo, kesho unabadilisha magazeti, kesho kutwa tena. Kikishakauka unakilaza chini ya zile kamusi nene za rafu ya chini. Wiki moja. Ukiwa na haraka, tafuta kazi nyingine.

Kuhusu kelele: mimi sijawahi kumwambia mtu anyamaze. Nilijaribu mara moja, sauti ikatoka kama ya paka, wakacheka zaidi. Kwa hivyo nilibuni njia yangu. Chukua kitambaa, nenda kwenye meza yao, anza kuipangusa polepole, karibu na viwiko vyao, bila kuwaangalia. Pangusa tu. Hakuna mtu anayeweza kuendelea na umbeya huku meza inapanguswa chini ya pua yake. Wananyamaza wenyewe, na wewe hujasema neno. Shiko, najua wewe huna haya, utawaambia "nyamazeni" na wanyamaze. Sawa. Hii ni ya wenzangu na mimi.

Kuhusu wanaolala: waacheni. Kuna askari wa usiku wa godauni moja hapa Thika, hulala meza ya tano asubuhi na atlasi ikiwa wazi mbele yake. Mwanzoni nilidhani atlasi ni ya kujifichia. Siku moja aliamka akaniuliza, kama tumekuwa tukiongea siku zote, "Msichana, huu mto unaisha hapa ama ramani ndiyo imeisha?" Tukatafuta ukurasa unaofuata. Analala, lakini pia anasoma.

Basi nifike kwenye kosa langu.

Mmeliona bango ukutani: USIRUDISHE KITABU KWENYE RAFU. KIACHE MEZANI. Ni la zamani kuliko mimi. Nilipofika nilidhani najua maana yake. Nilidhani wasomaji wanakatazwa kwa sababu wakirudisha wenyewe wanachanganya namba, kitabu cha ng'ombe wa maziwa kinaishia kwenye hadithi za watoto. Mimi sikuwa nachanganya. Namba za migongoni nilizijua kama njia ya nyumbani. Kwa hivyo bango nililiona halinihusu.

Na mjue tabia yangu. Sipendi kutumwa, kwa sababu ukitumwa lazima ujibu. Kwa hivyo hufanya kazi kabla ya kuambiwa. Msomaji akisimama tu, mimi nipo, kitabu kimeondoka mezani, kipo mahali pake, kiti kimesukumwa ndani. Nilikuwa mwepesi kiasi kwamba kuna mama aliyekwenda choo akarudi akakuta kitabu chake hakipo, akaniuliza kama kuna mzimu humu. Siku za shule nilianza na vilivyoachwa tangu asubuhi, na ikifika saa kumi na moja jioni, meza zote ni tupu. Madam akitoka kwenye dawati lake, anasema, "Maktaba inang'aa!" Nami naenda nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Kile ambacho sikujua ni kilichomtoa kwenye dawati saa hiyo. Alikuwa na fomu. Niliiona, nikadhani ni ya viti. Anazunguka meza zote na kalamu, halafu anarudi kuketi. Kila mwezi fomu hizo huenda Ruiru, kwenye ofisi ya afisa wa kaunti anayesimamia maktaba.

Hilo niliendelea nalo karibu mwaka mzima, Kidato cha Pili. Madam akawa ananyong'onyea. Nilimsikia akimwambia mtu kwa simu, "Watu wanaingia, naona wanaingia. Lakini ni kama wanakuja kuchaji simu tu."

Barua ikaja siku ya Jumanne. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniita, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuita. Kaunti ilikuwa inapanga bajeti. Vituo visivyotumika vingeondolewa. Chetu, kwa kufuata fomu zetu wenyewe, vitabu vyake karibu havisomwi, na chumba kingefaa zaidi kuwa ofisi ya leseni za biashara. Tukitaka kupinga, kuna kikao Ruiru baada ya wiki mbili.

"Fomu zipi?" nikauliza. Ni mara chache sana mimi huuliza.

Akanionyesha. Safu ya kwanza: vitabu vilivyoazimwa. Hapa kwetu ni vichache kila mara, kwa sababu kuazima kunataka kadi na mdhamini, na watu wengi wanasoma papa hapa. Safu ya pili: vilivyosomwa humu ndani. Vijistari viwili. Kimoja. Hakuna. Vitatu.

"Unajuaje vilivyosomwa ndani?" nikauliza.

"Si ni vile vinavyoachwa mezani. Ndiyo kazi ya lile bango. Jioni nahesabu kila kilicho mezani, halafu ndiyo kinarudishwa." Akakunja barua. "Siku hizi hakuna kinachoachwa."

Nikasema, "Sawa, Madam," nikachukua mfuko wangu, nikaenda nyumbani. Ndiyo, nilienda nyumbani. Mtaniuliza kama nimewahi kuwa mwoga. Hapo ndipo.

Siku mbili sikusema kitu. Niliketi na shajara yangu, ile ya jalada la kijani, nikaandika: Mimi ndiye nimeifunga maktaba. Mimi. Kwa mikono yangu, nikiwa nasifiwa.

Siku ya tatu nilikwenda, lakini mdomo ukakataa kabisa. Basi nikachukua kile kikaratasi cha kuombea kitabu. Mahali pa jina la kitabu nikaandika: "Vyote." Mahali pa jina la msomaji: "Wengi." Mahali pa maelezo: "Madam, nimekuwa nikivirudisha kwenye rafu kabla hujahesabu. Sikujua. Ni mimi. Muthoni." Nikakisukuma juu ya dawati lake, nikajificha upande wa historia.

Halafu nikasikia kitu ambacho nilidhani ni kilio. Nikachungulia. Alikuwa amefunika uso na kile kikaratasi, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka, na machozi pia yalikuwepo.

"Woi, Muthoni! Toka huko." Nikatoka. "Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza kama watu wa Landless wamenichoka. Kumbe ni wewe unaniibia wasomaji!"

"Pole, Madam."

"Pole ni yangu. Nani aliyewahi kukuambia fomu ni ya nini? Mimi? Sikukuambia. Nilifurahia tu meza safi." Akapangusa macho. "Lakini sasa tutawaambia nini? Tukisema vilisomwa, watauliza vingapi. Hatujui."

Hapo nikainua kichwa. Kwa sababu mimi nilijua.

Mwenye kuongea na watu huwajua kwa kuongea. Mimi huwajua kwa kuandika. Kila jioni nilikuwa nikiandika kwenye shajara nani alikuja na alisoma nini. Si majina, sikuyajua majina na nisingethubutu kuuliza. Niliwapa yangu: Mzee wa Atlasi, Mapacha, Mama Mzimu, Baba Pampu. Kila kitabu nilichokirudisha kiko mle, na siku yake.

Lakini mle kuna mengine pia. Kuna mvulana wa kwaya, kurasa nyingi kuliko anazostahili. Kuna siku baba alipopoteza kazi na jinsi nyumba ilivyonyamaza. Kuna kile nilichokifikiria kuhusu wigi la Madam. Hakuna mtu aliyewahi kuigusa ile shajara, hata mamangu. Nilikuwa nikiilaza chini ya godoro, upande wa ukutani.

Nikasema, "Nimeandika." Nikamwambia yote, hata la wigi, maana angelikuta.

"Wigi lipi? Lile la hudhurungi?"

"Ndiyo, Madam."

"Hata mimi sikulipenda." Kisha akawa makini. "Sikia. Siwezi kukulazimisha. Na kuna jambo lingine. Anachosoma mtu ni siri yake. Sisi hatutembezi siri za wasomaji. Kama utaitoa, wale wanaoweza kutambulika tuwaulize kwanza."

Wengi hawangeweza kutambulika. Baba Pampu angeweza. Yeye hutengeneza pampu za visima huko Gatuanyaga na huja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na husoma kitabu kimoja tu, kile cha injini za dizeli. Jumamosi ikafika, akaja, nikasimama mbele ya meza yake. Nilipangusa meza kwanza. Nilipangusa sana.

"Msichana, hii meza imekukosea nini?"

Nikamweleza, nikiangalia kitambaa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo wanasema mimi sikuwahi kuja hapa?"

"Wanasema hivyo, Baba. Kwa sababu yangu."

"Haiya! Waambie nilikuja. Na usisahau kuandika kwamba nanawa mikono kabla ya kukishika."

Nilikuwa nimeshaandika.

Tulikaa na Madam siku nne, mimi nikisoma, yeye akipiga vijistari kwenye fomu mpya, vitano vitano, mwezi baada ya mwezi. Zile kurasa zangu mwenyewe nilizibana kwa vibanio vya nguo, vilevile nilivyovitumia kuanika vitabu. Shajara ikawa imefura na mabawa ya plastiki kila upande. Ndivyo ilivyokwenda Ruiru.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa vituo vingine. Afisa alikuwa mwanamume mnene kiasi, mpole kwa sauti, miwani imening'inia kifuani. Nilimtazama nikahisi kama namjua, lakini woga haukunipa nafasi ya kufikiri. Madam akaeleza kosa. Hakusema jina langu. Alisema, "Msaidizi wetu mmoja alikuwa na bidii kuliko tulivyojipanga." Watu wakanong'ona. Akampa fomu mpya.

Afisa akazipitia. "Madam, hizi zimejazwa juzi. Mtu yeyote anaweza kuketi akapiga mistari. Zimetoka wapi?"

Madam akanitazama. Hakunionyesha kwa kidole, alinitazama tu. Angeweza kuuchukua mfuko wangu kutoka mapajani, hakuuchukua.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilijikuta mbele, nikaiweka shajara mezani pake, na nilitaka kuirudisha palepale, kama kawaida yangu. Mkono ulishaanza. Nikauweka nyuma.

"Hivi vibanio ni vya nini?"

"Ni... ni vyangu," nikasema. Ukumbi ukacheka, na yeye akatabasamu, akaheshimu vibanio. Akafungua mahali pasipobanwa. Akasoma ukurasa, akageuza, akasoma mwingine. Halafu akavaa miwani vizuri, akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake:

"Alhamisi. Mzee wa tai ya kijani amekuja na dereva kukagua. Amemwuliza Madam maswali, akaketi dirishani kungoja nakala za fomu. Amechukua kitabu cha kufuga nyuki. Dereva amekuja kumwita mara mbili, amesema 'dakika moja.' Zimekuwa nyingi. Alipoondoka alitia karatasi ya tisu katikati ya kurasa kama alama. Nafikiri anataka kurudi. Nimekirudisha kitabu kwenye rafu. Tisu nimeiacha."

Akavua miwani. Tai aliyovaa siku hiyo ilikuwa ya kijani.

"Hii nilinunuliwa na mke wangu," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Watu wakacheka, lakini kwa upole. Akanigeukia. "Siku hiyo nilirudi ofisini nikaandika ripoti kwamba vitabu vyenu havisomwi. Niliiandika jioni ileile. Na kwenye fomu ya siku hiyo, mimi mwenyewe sikuhesabiwa?"

Sikuwa na mahali pa kujificha, hakuna rafu Ruiru. "Hapana," nikasema. "Ulikuwa tayari kwenye rafu. Nilikurudisha mimi."

Hayo ndiyo maneno yote niliyosema hadharani maishani mwangu mpaka leo.

Msidhani tulipewa kila kitu. Kaunti haikutupa kitabu kimoja kipya mwaka huo, na bati bado linavuja, mtaliona. Tulipewa muhula mmoja wa kuhesabiwa upya, huku fedha zikiendelea, na afisa akaagiza tusimguse mtu wala kitabu mpaka saa kumi na moja. Muhula huo ulikuwa mateso kwangu. Meza chafu, vitabu vimelala wazi kila mahali, na mimi nimeketi juu ya mikono yangu. Mama Mzimu aliniuliza kama naumwa. Jioni ya siku ya kwanza tulipozunguka na fomu, Madam alipiga vijistari hadi mstari wa chini, akageuza karatasi nyuma. Hakusema kwamba maktaba inang'aa. Alisema, "Ona hii fujo, Muthoni. Ona ilivyo tamu." Chumba hakikugeuzwa ofisi ya leseni. Mwaka uliofuata bajeti ilipita tena, na uliofuata pia.

Kwa hivyo, ninyi watatu, mkisahau magazeti ya kukaushia na kitambaa cha umbeya, hili moja msilisahau. Fujo ya mezani ndiyo inayotulipia stima. Askari akilala juu ya atlasi, atlasi inahesabiwa. Mtoto akitazama picha tu, inahesabiwa. Na mtu mpya akija kusaidia, mwambieni fomu ni ya nini siku ya kwanza, hata kama haulizi. Hasa kama haulizi.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho. Madam alinikatia keki, nikashukuru kwa kichwa. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka minne: niliketi kama msomaji, pale dirishani. Nikachukua kitabu cha nyuki. Nilikuwa sijakifungua tangu Ruiru.

Tisu ilikuwa bado imo, lakini si pale nilipoijua. Siku ile ilikuwa karibu na mwanzo, kwenye mizinga. Sasa ilikuwa mbele sana, kwenye kuvuna asali, imebaki sura moja tu.

Nikamwendea Madam. "Alirudi? Lini? Kwa nini hukuniambia?"

Akaendelea kuosha sahani ya keki. "Muthoni, anachosoma mtu ni siri yake."

Nikarudi mezani, nikasoma mpaka saa kumi na moja kasoro kidogo. Tisu nikaiacha ilipo. Kisha nikasimama, nikasukuma kiti ndani, na mkono ukakifuata kitabu wenyewe, miaka minne ya mazoea, vidole vishafika kwenye mgongo wake. Kevo, wewe ulikuwa mlangoni na fomu, uliniona. Nikauondoa mkono.

Nilikiacha mezani, nikatoka. Nilipofika nje nilisikia kalamu yako ikikwaruza karatasi.